Sanamu Zimerudi, Lakini Si Hapa

Mwongozaji wetu alifungua mkoba, akatoa picha zilizovikwa nailoni, akaanza kuzipanga chini moja moja juu ya vumbi na majani makavu. Ya kwanza aliiweka upande wa kushoto, akarudi nyuma hatua chache, akaiangalia, akaisogeza kidogo. Ya pili akaielekeza kwa ya kwanza. Zilizobaki akazizungusha pembeni, uso kwa ndani, kama watazamaji wa mieleka.

"Hapa alisimama Duryodhana," alisema, akimtaja mpiganaji wa Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Kihindi. "Ameruka, rungu mkononi. Huyu mbele yake ni Bhima. Hawa wengine wamekaa wanatazama pigano."

Tulikuwa kwenye lango la magharibi la Prasat Chen, hekalu moja dogo ndani ya msitu wa Koh Ker, kaskazini mwa Kambodia. Mbele yetu palikuwa na minara iliyobomoka, mizizi, na uwanja mtupu wenye picha zilizolala kifudifudi kila upepo ulipovuma, naye akainama kila mara kuzigeuza.

Hapakuwa na sanamu hata moja.

Nimeshaandika habari nyingine tangu nirudi, na kila nikimaliza moja najikuta nimerudi kwenye uwanja ule. Kuna swali nililiuliza pale, nikajibiwa, na jibu halijanitoka. Makala hii ni ndefu kwa sababu hiyo.

## Barabara ya mikorosho

Tulitoka Siem Reap kabla ya alfajiri. Wageni wengi wanaofika mji ule huishia kwenye mahekalu ya Angkor Wat, Bayon na Ta Prohm, na sioni kosa kwa hilo, maana hayo peke yake yanamtosha mtu. Koh Ker iko mbali kidogo, kama kilomita 120 kwenda kaskazini mashariki, na waandalizi wa safari huiunganisha na hekalu la Beng Mealea lililo njiani ili siku moja itoshe. UNESCO iliiingiza Koh Ker kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwezi Septemba 2023. Hata hivyo siku tuliyokwenda sisi, kwenye mahekalu mengi tulikuwa peke yetu.

Kulipopambazuka nilishangaa. Nilitarajia mashamba ya mpunga na mivumo, na kweli yalikuwepo. Lakini tulipozidi kwenda kaskazini barabara ilianza kufanana na ya kwetu Kilifi: mikorosho pande zote mbili, safu kwa safu, ikiwa na maua yale mekundu mekundu, na kando ya lami muhogo uliokatwakatwa umeanikwa juani. Korosho nyingi za Kambodia huuzwa zikiwa ghafi, zikaenda kubanguliwa Vietnam. Mtu wa pwani ya Kenya anayekumbuka hadithi ya kiwanda chetu cha korosho cha Kilifi, kilichofungwa, haambiwi zaidi.

Mwongozaji alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa kijiji cha jirani na Koh Ker. Aliniita *bong*, kama sisi tunavyomwita mtu dada au kaka mkubwa, nami nikafurahi kuitwa hivyo na mgeni. Jina lake silitaji hapa. Alituomba jambo moja tu kabla hatujashuka garini: tusitoke njiani, hata kwa kujisaidia. Mabomu ya kutegwa ardhini yameondolewa kwenye mahekalu yenyewe, lakini vita vya eneo hili vilikwisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na msitu ni mkubwa.

## Beng Mealea

Hapa sitakaa sana, ingawa ni mahali pazuri kuliko nilivyodhani.

Beng Mealea ilijengwa karne ya 12, kwa ramani inayokaribiana na ya Angkor Wat, chini ya milima ya Kulen ambako mawe ya mchanga ya mahekalu mengi yalichimbwa. Hakuna maandishi yaliyopatikana ya kusema ni mfalme gani aliyeijenga. Na haikukarabatiwa kama wenzake. Kumbi zimeporomoka ndani ya ua, mitini imekalia kuta, nawe unapita juu kwenye daraja la mbao ukitazama chini lundo la mawe makubwa, kila moja likiwa na matundu madogo ya duara yaliyotumika kulibeba.

Niliuliza kwa nini hekalu moja limesimama na jingine limelala hivi. Mwongozaji aliinua viganja vyake viwili, akavisogeza taratibu vikikaribiana hadi ncha za vidole zikagusana. Mafundi wa Kikhmer, kabila kubwa la Kambodia, hawakujenga tao lenye jiwe la katikati linalobana mengine. Waliweka jiwe juu ya jiwe, kila safu ikichomoza kidogo kuliko ya chini yake, hadi pande mbili zikutane juu. Kinachoshikilia dari ni uzito tu. Mzizi ukipenya katikati na kusukuma safu moja, safu zote za juu yake hazina pa kushika.

Nilifikiri hilo ndilo somo langu la siku: mti na wakati. Uharibifu usio na mwenyewe. Nikaingia garini nikiwa na amani.

## Mji wa mfalme mmoja

Mwaka 928 Jayavarman IV aliufanya mji wa Koh Ker kuwa makao makuu ya ufalme badala ya Angkor. Mwanawe alimrithi kwa muda mfupi. Mwaka 944 mfalme mwingine, Rajendravarman II, akarudisha makao Angkor. Ni miaka 16. Mtoto aliyezaliwa mji ulipoanza alikuwa hajaoa ulipoachwa.

Ndani ya muda huo walijenga piramidi ya ngazi saba, Prasat Thom, yenye urefu wa mita 36 hivi. Juu yake ilisimama linga kubwa, nguzo ya jiwe inayomwakilisha mungu Shiva. Walijenga mahekalu mengine kwa makumi, wakachimba bwawa la Rahal lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kaskazini wakainua tuta la kuzuia mto lenye urefu wa kilomita 7 hivi. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walionyesha kwamba njia ya kutolea maji kwenye tuta hilo ilikuwa ndogo mno, na kwamba huenda lilipasuka mapema sana, pengine masika ya kwanza tu. Wengine wanaona hilo lilichangia mji kuachwa.

Tulipanda ngazi za mbao zilizowekwa ubavuni mwa piramidi. Juu kuna upepo na shimo lililofunikwa, na msitu unakwenda hadi macho yachoke. Mwaka 2012 helikopta ilipita juu ya msitu huu ikipima ardhi kwa leza, na chini ya majani ikaonekana mitandao ya barabara, mabwawa na viwanja ambayo mtu aliyesimama pale juu haioni hata akikodoa.

Watalii wengi hupanda piramidi, wakapiga picha Prasat Pram ambapo mizizi imefunika minara ya matofali, wakarudi mjini. Ratiba yetu nayo ilikuwa hivyo. Ni mwongozaji aliyemwomba dereva asimame Prasat Chen. Alisema kwa upole sana, kama mtu anayeomba hisani yake mwenyewe.

## Kwa nini kwenye kifundo

Kabla ya Koh Ker, wachongaji wa Kikhmer walizichonga sanamu zao zimesimama wima, zimetulia, nyingi zikiwa na fremu ya jiwe inayozishika kwa nyuma zisianguke. Wachongaji wa Jayavarman IV waliikata fremu. Walitaka mwili utembee. Wakachonga nyani wawili, Vali na Sugriva, wakiwa wameshikana mieleka ndani ya jiwe moja. Wakachonga Duryodhana akiruka, magoti yamekunjwa, nguo imepeperuka, na jiwe lote, karibu kilo 230, likasimama juu ya nyayo mbili.

Nililitazama lile pengo na picha yake muda mrefu kabla sijaelewa alichokuwa ananionyesha.

Ule ustadi ndio uliowapa wezi njia. Kifundo cha mguu kilikuwa mahali pembamba kuliko pote, penye uzito wote. Walikata pale. Walichukua mwili, wakaacha kitako cha jiwe na nyayo mbili zimekanyaga.

Katika Mahabharata, Bhima anamshinda Duryodhana kwa kumpiga paja, pigo lililokatazwa katika sheria za mapigano yao, na Balarama anayetazama anainuka kwa hasira. Kundi zima la sanamu tisa lilichongwa kuonyesha dakika hiyo hiyo kabla ya dhuluma. Kisha mnamo mwaka 1972, nchi ikiwa vitani, ikaja dhuluma nyingine, ya shoka na tindo na mkokoteni wa ng'ombe.

Wizi wenyewe haukuanza na vita. Desemba 1923 kijana Mfaransa aitwaye André Malraux alikamatwa kwa kung'oa michongo ya hekalu la Banteay Srei, na baadaye akaja kuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa. Lakini vita ndivyo vilivyoufanya kuwa biashara ya kila siku. Mwanamume mmoja aliyeingia Khmer Rouge, kundi la wapiganaji wa kikomunisti, akiwa mtoto, ambaye wachunguzi walimpa jina la siri la Simba, aliongoza uporaji wa mahekalu kwa miaka mingi. Mwaka 1997 alichimbua kutoka Prasat Krachap, humu humu Koh Ker, sanamu ya mungu Skanda akiwa amempanda tausi. Vitu vilipita mpakani kwenda Thailand, vikafika mikononi mwa wafanyabiashara, na kutoka hapo vikapata karatasi safi na vyumba vyenye taa nzuri. Anayetajwa zaidi ni Mwingereza Douglas Latchford. Alishtakiwa Marekani mwaka 2019, akafa mwaka 2020 kabla ya kusimama mahakamani.

Machi 2011 Duryodhana alitokea kwenye katalogi ya mnada wa Sotheby's mjini New York, akikadiriwa kuuzwa dola milioni 2 hadi 3. Hakuwa na nyayo.

Na nyayo zilikuwa hapa, zinasubiri.

Hilo ndilo lililomkamatisha. Wezi waliacha ushahidi usioweza kughushiwa: mvunjiko wa jiwe. Mtafiti Mfaransa Eric Bourdonneau na wenzake waliunganisha vitako vya Prasat Chen na miili iliyotawanyika Marekani, wakaitambua hadithi nzima waliyokuwa wakiicheza. Kambodia ikaomba mnada usimamishwe. Serikali ya Marekani ikafungua kesi mwaka 2012. Mwaka 2013 Metropolitan Museum ya New York ikarudisha wahudumu wawili waliopiga magoti. Mwezi Juni 2014 wakarudi Duryodhana, Bhima aliyekuwa Norton Simon Museum huko California, na Balarama aliyepitia nyumba ya mnada ya Christie's. Nyani Hanuman alitoka makumbusho ya Cleveland mwaka 2015, kiwiliwili cha Rama kikatoka makumbusho ya Denver mwaka 2016. Skanda na tausi wake walikabidhiwa mwaka 2022 pamoja na Ganesha mkubwa wa Koh Ker, mungu mwenye kichwa cha tembo. Simba mwenyewe, kabla ya kufa mwaka 2021, aliwarudisha wachunguzi kwenye mahekalu na kuwaonyesha mahali alipochimba.

Nilisikiliza yote hayo nikiwa nimesimama juani, na moyo ulijaa. Ni mara chache historia ya wizi wa namna hii inakwenda mbele kisha inageuka.

Ndipo nikauliza.

## Jibu

"Sasa mbona hazipo hapa?"

Mwongozaji alikuwa anaokota picha zake. "Ziko Phnom Penh, Makumbusho ya Taifa. Na vitako vilichukuliwa kwenda kuungana nazo."

"Ninyi wa hapa hamkutaka zirudi hapa?"

Alifuta vumbi kwenye nailoni kwa kitambaa. "Bong, zikikaa hapa, usiku nani atazilinda?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kisha, akiwa tayari anaelekea garini, akaongeza bila kunitazama: "Lakini nyanya yangu hajawahi kufika Phnom Penh."

Njia yote ya kurudi nilijaribu kuchagua moja kati ya sentensi hizo mbili. Sikuweza. Zote ni za kweli, na zimetoka kinywa kimoja.

Mtu wa mjini anaweza kudhani nyanya yule anataka kuona sanaa. Sivyo nilivyomwelewa mjukuu wake. Katika vijiji vya Kambodia watu hutunza *neak ta*, mizimu ya mahali, walinzi wa kijiji na shamba na njia. Mara nyingi makao yao ni jiwe la kale la hekalu, au kipande tu cha sanamu kisicho na kichwa. Tulipita mahekalu kadhaa siku ile ambamo linga iliyopasuka ilikuwa na vijiti vya ubani vilivyowashwa asubuhi hiyo na ndizi mbili zimewekwa juu ya jani. Wasomi wanaandika kwamba Koh Ker iliachwa mwaka 944. Kwa aliyewasha ubani ule haijawahi kuachwa.

Kwa hiyo sanamu ilipokatwa vifundo, kuna waliopoteza kitu cha thamani ya mamilioni bila hata kujua bei, na kuna waliopoteza jirani.

## Vigango

Wasomaji wangu wa pwani nadhani mmeshafika mahali ninapokwenda.

Upande wa nyanya yangu mimi ni Wagiriama. Sihitaji kuwaeleza ninyi kigango ni nini, wala kwa nini mzee wa Gohu hachongewi mti hivi hivi. Kwa wengine: kigango ni mti uliochongwa na kusimamishwa kumkumbuka marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wa heshima. Nitakumbusha jambo moja tu: kikishasimamishwa, hakihamishwi. Ukoo ukihama, kigango kinabaki kwenye mji wa zamani pamoja na koma wake, yaani roho ya marehemu. Mchwa wakija, ni haki yao. Kimewekwa ili kizeeke pale.

Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vikaanza kupotea usiku. Vijana walilipwa fedha kidogo kuving'oa, maduka ya watalii yakavinunua, na mamia yakafika Marekani, kwa wakusanyaji na kwenye majumba ya makumbusho. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibiwa. Miaka mingi ikapita, kisha kimoja kikatambuliwa huko Illinois na kingine Virginia. Kilichovitambulisha ni picha ile. Kimoja kilirudishwa kijijini mwaka 2007 kwa sherehe kubwa. Mzee alikuwa ameshafariki.

Hapo ndipo shaka yangu ilipo, na sijui kuipunguza.

Jumba la makumbusho linajua kufanya kazi moja vizuri sana: kuzuia kitu kisife. Ukimrudisha Duryodhana kwenye jumba lenye paa na mlinzi, umefanya jambo ambalo aliyemchonga angelikubali, maana alichagua jiwe ili lidumu. Ukikirudisha kigango kwenye stoo yenye dawa ya mchwa, umekirudisha nchini, lakini bado umekinyima kilichochongewa. Kinachotakiwa ni kukirudisha kwenye mvua. Na ni serikali gani itapokea kitu kilichopiganiwa mahakamani na viwanja vya ndege, kisha ikakubali kiliwe na mchwa Ganze mbele ya kamera?

Mimi naona ndivyo inavyopaswa. Lakini nikisema hivyo mbele ya watu wazima wa nyumbani, huulizwa swali lile lile aliloniuliza mwongozaji wa Koh Ker. Usiku nani atakilinda?

Wezi hawakuiba vitu tu. Waliiba hali ya kitu kuweza kusimama nje bila mlinzi. Kambodia imerudishiwa sanamu, na hali ile haijarudi. Sisi vilevile. Hakuna jaji New York anayeweza kuiamuru irudi.

## Phnom Penh

Safari yangu ilipangwa kupitia mji mkuu, na nikiri kwamba nilikwenda Makumbusho ya Taifa nikiwa na kinyongo tayari. Niliingia nikitafuta sababu za kulaumu.

Ni jengo jekundu la mwaka 1920, karibu na ikulu ya kifalme, lenye bustani katikati na pepo za mto. Mlangoni anakupokea Garuda mkubwa, nusu mtu nusu ndege, naye ni wa Koh Ker. Ndani nikawakuta nyani wawili wanaopigana. Kisha Duryodhana na Bhima wenyewe.

Picha za nailoni hazikuwa zimenitayarisha. Amekunja magoti kama mtu ambaye miguu yake itagusa ardhi sasa hivi. Uso umetulia kabisa. Nilimzunguka, nikachuchumaa kutazama vifundo.

Nikiwa pale likaingia kundi la wanafunzi wa shule ya msingi, mashati meupe na buluu chini. Mwalimu alisema maneno machache. Mvulana mmoja akaruka, rungu la hewa mkononi, akatua vibaya, wenzake wakacheka, mwingine akajipanga kuwa Bhima. Wasichana wawili wakakaa chini kutazama. Mwalimu hakuwakataza.

Kwenye chumba kingine nilimwona mama akimnyanyua mtoto aweke maua ya yasmini mbele ya sanamu. Mlezi wa chumba alikuwa akiwagawia watu maua hayo mwenyewe. Watu walipiga magoti, wakainama, wakaondoka na shughuli zao. Kwa muda nikawa sijui kama niko makumbusho au hekaluni, na sidhani kama yeyote mle ndani aliona haja ya kuamua.

Kinyongo changu hakikutoka chote, lakini kilibadilika. Nilikuwa nimejenga picha ya miungu iliyofungiwa kabatini. Nilichokikuta ni nyumba ya muda mrefu ya wakimbizi, inayotunzwa kwa heshima, na watoto wanaijua njia ya kuingia. Tatizo si kwamba sanamu ziko Phnom Penh. Tatizo ni Prasat Chen kubaki na mwanamke mmoja na mkoba wa picha.

## Ninachoona kinawezekana

Pale Banteay Srei, walinzi unaowaona wakiwa wamepiga magoti mbele ya minara ni nakala. Wa asili waliondolewa kwa usalama. Nilipita pale mapema katika safari ile, na nakala hazikunipunguzia chochote. Jicho linahitaji mwili uliokaa mahali pake ili lielewe jengo. Kwa nini Prasat Chen isipewe nakala za wapiganaji wake na watazamaji wao, kwenye lango lile lile, kwa mpangilio ule ule? Jiwe lile lile la mchanga bado lipo, na wachongaji wazuri wamejaa Siem Reap.

Nilimwandikia mwongozaji nikamuuliza. Alijibu kwamba kijijini wazo hilo limewahi kuzungumzwa, na wazee wanatofautiana. Wapo wanaosema jiwe jipya likiombewa na watawa, neak ta atalijua. Wapo wanaosema kuweka mwili mtupu mahali pa mwenyewe ni kumwita mgeni usiyemjua. Sina haki ya kuwaamulia. Lakini ningependa waamue wao, si ofisi ya mbali, na kiingilio cha dola 15 tunacholipa Koh Ker kiwe na fungu la kuwapeleka wazee wa vijiji vya pale Phnom Penh kwa basi, waende wakawaone. Nyanya yake bado yu hai.

Kama unapanga safari hii, mambo machache. Tafuta mwongozaji aliyezaliwa eneo lile. Mwambie mapema, kabla ratiba haijafungwa, kwamba unataka kusimama Prasat Chen na Prasat Krachap, la sivyo mtapitishwa moja kwa moja hadi kwenye piramidi. Na ukiweza, pitia Phnom Penh baada ya Koh Ker, usitangulie. Ukizijua sanamu kwanza, utafika msituni ukitafuta kitu kilichokosekana. Ukiuona uwanja mtupu kwanza, utafika makumbusho ukiwa na mahali pa kuziweka.

Nami nimeanza kuuliza nyumbani. Mjomba anakumbuka vigango vya ukoo wetu vilivyosimama kwenye mji wa zamani, anakumbuka hata mkorosho uliokuwa karibu, ila hajui ni lini vilionekana mara ya mwisho. Anadhani kuna picha kwenye sanduku la marehemu shangazi, ya harusi, ambamo nyuma ya maharusi vinaonekana. Tunaitafuta. Na wewe unayesoma ukiwa Kaloleni, Ganze, Rabai, Toronto au Muscat, kama kwenu kuna albamu yenye picha za namna hiyo, hata kama kigango kimetokea pembeni kwa bahati, usiiache iliwe na ukungu. Andika nyuma yake jina la mji, jina la marehemu kama linajulikana, na mwaka. Kisha piga nakala, uwape wengine wawili watatu wa ukoo wakae nayo.